UZI: Bwawa la Aruba na viwanja vya vita vya njia ya Taveta, kwa nini sisi wa Mombasa twavipita tu?

#1 MwanaTudor

Waungwana, hamjambo.

Nina dai ambalo najua litaleta maneno. Sisi wa Mombasa tukitaka kuona wanyama twaingia Tsavo Mashariki kwa geti la Buchuma au la Voi, twakimbilia bwawa la Aruba, twapiga picha ndovu wekundu, jioni tumesharudi kisiwani. Hakuna anayepinda kushoto pale Voi akashika barabara ya Taveta. Na barabara ile ina viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia ambavyo watu hupanda ndege kutoka Uingereza na Afrika Kusini kuja kuviona: Maktau, Mbuyuni, Salaita, na ukishapita Taveta mjini, vilima vya Latema na Reata.

Mimi nasema Aruba siku hizi haifai kuwa shabaha ya safari nzima. Bwawa lilijengwa 1952 kwenye mto Voi, na ukienda kiangazi waweza kukuta uwanja wa tope lililopasuka. Aruba ipewe asubuhi moja, siku ya pili yote iwe ya Salaita.

Maswali mawili. Nini kimelimaliza lile bwawa? Na nani ameshaifanya njia ya Taveta pamoja na familia, anieleze ilivyo?

#2 BintiMajengo

Aruba haijamalizika bwana. Nilipelekwa baada ya mvua za vuli, maji yamejaa, korongo na bata maji wametanda, viboko wako. Mto Voi ni wa msimu. Ukienda Septemba ukakuta vumbi, hiyo ndiyo Septemba ya Tsavo, na hata kabla ya bwawa ilikuwa hivyo.

#3 FundiWaBomba

Binti, maji kurudi baada ya mvua si dalili ya uzima. Angalia yanakaa muda gani.

Mto ule unaanzia milima ya Taita, unashuka kwa kasi, unafika nyika tambarare. Ukiuzuia kwa ukuta, maji yanasimama, na maji yakisimama udongo uliobebwa na mto unatua chini. Fanya hivyo zaidi ya miaka sabini. Kina kinapungua kila mwaka, maji yanatanda kwa upana badala ya kwenda chini, na jua la Tsavo linanyonya upana ule wote. Mabwawa mawili yakiwa na maji kiasi kimoja, lile pana na fupi litakauka mwanzo. Mimi nimefanya kazi za maji maisha yangu yote na Aruba kwangu ni hadithi ya mchanga, basi.

#4 Dawida_Halisi

Nilijua tu tutafikishwa kwenye milima ya Taita. Kila kitu kikiharibika huko chini, mkulima wa huku juu ndiye anayeshtakiwa.

Sikatai kwamba msitu umepungua. Ngangao, Mbololo na mingine imebaki vipande. Lakini nyanya yangu amelima matuta tangu akiwa msichana, na shamba lake halijahama kwenda Aruba. FundiWaBomba, kati ya chemchemi zetu na lile bwawa kuna mji wa Voi unaokua kila mwaka, kuna mashamba ya mkonge, kuna watu wanaochota mchanga mtoni kwa lori. Maji yanayofika getini ni masalio. Mimi naona maji yanaliwa njiani kuliko udongo unavyotua.

#5 Nyika_Yetu

Wote mmemsahau ndovu.

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948. David Sheldrick, mlinzi mkuu wa kwanza wa upande wa Mashariki, alikuta nchi kavu na akasimamia kuwekwa sehemu za maji ili wanyama watawanyike. Ni fikra nzuri kwa kuisikia. Lakini ukiweka maji mahali ambapo hapakuwa nayo kiangazi, ndovu hawaondoki tena. Wanakula kila mti kuizunguka ile sehemu, ardhi inabaki uchi, mvua ikija inakokota udongo moja kwa moja hadi bwawani.

Kisha ukaja ukame wa 1970 na 1971. Ndovu zaidi ya 5,000 walikufa Tsavo, na wengi hawakufa kwa kiu. Walikufa njaa karibu na maji! Majike wenye ndama hawawezi kwenda mbali na mto, walimaliza malisho ya kandokando, wakabaki hapo hapo. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika: wengine walisema ndovu wangepunguzwa kwa risasi mapema, Sheldrick akasema iachiwe nyika ijitengeneze. Bwawa la Aruba limekaa katikati ya ugomvi huo tangu lilipojengwa.

#6 MwanaTudor

Shukrani kwa wote. Nyika_Yetu, je ukame wa 2022?

#7 Nyika_Yetu

Ule ulikuwa wa nchi nzima. Wizara ilitoa hesabu ya ndovu 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba 2022, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Pundamilia 381, nyumbu 512. Hao ni walioonekana tu, na Tsavo Mashariki peke yake yapita kilomita za mraba 13,000. Nani ahesabu mizoga yote humo?

#8 Kibarani_Kwetu

Mimi bwawa nawaachia nyinyi. Nifahamisheni hili la vita. Wajerumani walikuwa Tanganyika, walifikaje Voi?

#9 MzeeWaReli

Kijana, Voi yenyewe hawakuiteka. Waliiteka Taveta, tarehe 15 Agosti 1914, vita ikiwa haijamaliza hata wiki mbili. Wakakaa hapo hadi Machi 1916. Muda wote huo kipande cha Kenya ya leo kilikuwa chini ya Mjerumani.

Shabaha yao ilikuwa reli ya Uganda, hii hii ya kutoka Mombasa. Vikundi vidogo vilitembea usiku nyikani, wanatega baruti chini ya reli, wanarudi. Septemba 1914 kundi moja lilifuata mto Tsavo likitaka daraja. Hebu fikiria kama daraja lile lingekatwa: Mombasa ina bandari, Nairobi haina mkate.

Waingereza nao wakaona hawawezi kupeleka jeshi Taveta kwa miguu. Wakajenga reli mpya kutoka Voi, mwaka 1915, ikafika Maktau katikati ya mwaka huo huo. Baadaye ikavuka Taveta ikaungana na ile ya Mjerumani upande wa Moshi. Ukipita barabara ya lami leo utaliona tuta lake. Ilizaliwa kwa ajili ya vita, na sasa imeachwa.

#10 Kibarani_Kwetu

Mzee wangu asante. Kwa hiyo vita ya Salaita ilikuwa ile ya 1914.

#11 Darajani_Mwembe

Hapana. 1914 ilitekwa Taveta. Mapigano makubwa ya Salaita ni tarehe 12 Februari 1916. Kikosi cha Afrika Kusini, brigedi ya pili, kilikuwa kimeshuka Mombasa si muda mrefu, kikapandishwa treni hadi mwisho wa reli, kikapelekwa kushambulia kilima. Walifurushwa. Walipoteza watu zaidi ya 130 siku moja, ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea.

#12 NahodhaLikoni

Walifurushwa vipi na walikuwa wengi kuliko Mjerumani?

#13 Darajani_Mwembe

Hapo ndipo kila mtu ana lake. Inayosemwa zaidi ni kwamba mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni kwa muda mrefu, na mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa kwa miti ya miiba. Kwa hiyo mizinga ililima mawe. Askari waliposogea wakidhani adui amekwisha, bunduki za rashasha zikafunguka mbele yao.

#14 UstadhKisauni

Aleikum salaam jamaa. Mimi naongeza sababu ambayo vitabu vingi vya zamani viliificha: dharau. Wale vijana kutoka Afrika Kusini waliambiwa wanakwenda kupigana na watu weusi na itakuwa kazi ya asubuhi. Sehemu kubwa ya jeshi la Mjerumani lilikuwa askari wa Kiafrika, wamefunzwa, wanaijua nchi, wanavumilia jua. Waliposhuka kutoka Salaita na singe mbele, wenzao wakakimbia. Aliyesimama kuwafunika wasimalizwe ni kikosi cha 130 cha Baluchi, Waislamu kutoka Bara Hindi. Husimuliwa kwamba Mabaluchi waliokota bunduki ya rashasha iliyoachwa, wakairudisha kwa wenyewe na ujumbe kwamba wasiitwe tena makuli.

#15 FundiWaBomba

Ustadh, dharau haitoshi. Mimi narudi kwenye maji, mtanisamehe.

Toka Voi uende Taveta uangalie nchi. Ukishaacha milima ya Taita pale Bura, mbele ni tambarare kavu hadi karibu na Taveta. Taveta penyewe maji ni tele: mto Lumi, chemchemi za Njoro, ziwa Chala kwa juu, ziwa Jipe kwa chini. Mjerumani alikaa upande wa maji. Mwingereza alikaa upande wa vumbi, ikabidi atoe maji Bura kwa bomba hadi kambi ya Maktau, na mengine yabebwe kwa treni na kwa ng'ombe. Ukishambulia Salaita usipokiteka kilima siku ile ile, unarudi. Huwezi kulala hapo na askari maelfu walio na chupa tupu. Ndiyo maana shambulio liliendeshwa haraka haraka na kwa mbele tu.

Na tazameni kilivyochukuliwa baadaye. Machi 1916 Smuts, jenerali aliyeongoza jeshi la Mwingereza, hakukipiga tena uso kwa uso. Alituma wapanda farasi wazunguke juu, upande wa Chala. Mjerumani alipoona njia yake ya Taveta itakatwa, aliondoka Salaita mwenyewe. Aliyeshika maji ndiye aliyeshika vita.

#16 Dawida_Halisi

Hapa FundiWaBomba nakuunga mkono mkono wa kulia. Maji ya Bura yalipewa jeshi wakati wenyeji walikuwa wakiyategemea. Hilo babu zetu walilisimulia kabla halijaandikwa na mtu.

#17 UstadhKisauni

Maji ni sababu, sikatai. Lakini watu 1,300 au 1,400 kuzuia jeshi la elfu kadhaa lenye ndege na mizinga, hapo pana moyo pia. Msiwanyime wale askari sifa yao kwa ajili ya bomba.

#18 BintiMajengo

Nyinyi wanaume mmeshapigana vita yenu. Mimi nataka habari ya mbuyu! Nilisikia kuna mbuyu wenye uwazi ndani, mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akidungua askari wa Mwingereza kulipiza kisasi cha mumewe.

#19 Kibarani_Kwetu

Hiyo ndiyo ya kupeleka watoto! Uko wapi?

#20 MzeeWaReli

Uko njia ya Mbuyuni. Mimi niliambiwa na mafundi wenzangu waliorithi habari hiyo kwa wazee wao, kwamba alikuwa mke wa mkulima wa Kijerumani, mumewe aliuawa mwanzo wa vita. Una matundu, na matundu wanasema ni ya risasi.

#21 Darajani_Mwembe

Mzee kwa heshima zote, kila ninayemuuliza ananionyesha mbuyu tofauti. Mmoja anasema Mbuyuni, mwingine anasema chini ya Salaita, mwingine Maktau. Mbuyu huota matundu wenyewe, na ndovu akiuchokora kwa meno kutafuta maji huacha majeraha yanayofanana na ya kitu chochote unachotaka kukiona. Mimi naamini palikuwa na mdunguaji. Kwamba alikuwa mwanamke, askari waliopigwa na mtu wasiyemwona wangeweza kulitunga usiku mmoja kambini.

#22 BintiMajengo

Kwa nini mdunguaji akiwa mwanamke ndiyo iwe hadithi ya kutungwa? Mekatilili wa Menza, huku kwetu Giriama, mwaka 1913 na 1914 alisimamisha serikali nzima ya Mwingereza. Wanawake wa wakati ule hawakuwa wamekaa jikoni wakingoja vita iishe.

#23 Darajani_Mwembe

Mekatilili ana nyaraka, walimkamata na kumpeleka Kisii. Huyu wa mbuyu hana hata jina. Hiyo ndiyo tofauti yangu.

#24 Dawida_Halisi

Kwetu wengine husema hakuwa Mjerumani kabisa, alikuwa mke wa askari. Basi hayo ni matatu sasa.

#25 MchaggaWaHimo

Aisee wakuu, nimepita hapa nikaona mnaongelea majirani zangu. Latema na Reata viko mpakani kabisa, sisi tunaviona kutoka upande wa Holili. Mapigano yale yalikuwa usiku wa 11 Machi 1916, na asubuhi ya tarehe 12 Wajerumani walikuwa wameshaondoka kuelekea Kahe. Watu wanasahau kwamba kwenye ule mwinuko walipanda pia askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, kikosi cha tatu, na kamanda wao akauawa palepale. Usiku, miiba, mawe, hujui nani yuko mbele yako.

Mkija, msivuke kamba bila kupitia uhamiaji. Kilima kiko karibu kiasi cha kukudanganya.

#26 NahodhaLikoni

MchaggaWaHimo karibu sana. Umekuja na mbege au mikono mitupu?

#27 MchaggaWaHimo

Mbege haivuki mpaka mkuu, njoo uinywe Himo.

#28 KasigauHadiMalindi

Salaam. Nimesoma kuanzia juu na hakuna aliyetutaja.

Mlima Kasigau uko kusini ya Voi, mkitoka Mombasa mnauona upande wa kushoto. Mwaka 1915 palikuwa na kambi ndogo ya Waingereza chini ya mlima. Agosti Wajerumani wakaivamia. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Vijiji vikachomwa moto, watu wakakusanywa, wazee kwa watoto, wakahamishwa hadi Malindi. Watu wa mlimani, wamezoea baridi na maji ya kijito, wakatupwa pwani penye malaria. Waliokufa kule ni wengi. Waliobaki waliruhusiwa kurudi miaka ya 1930, karibu miaka ishirini baadaye. Watoto waliozaliwa uhamishoni walirudi wakiwa watu wazima kwenye mlima ambao hawakuwahi kuuona.

Ukoo wangu una watu waliobaki huko huko Malindi, ndiyo sababu ya jina langu hapa. Mkipanga ziara ya viwanja vya vita, msiishie kwenye kilima walichopigania majenerali. Kasigau nayo ni kiwanja cha vita, ingawa upande mmoja haukuwa na bunduki.

#29 MwanaTudor

Pole sana ndugu yangu. Nimeiweka kwenye ratiba. Je, mgeni akija apitie kwa nani?

#30 KasigauHadiMalindi

Rukanga na vijiji vingine kuzunguka mlima vina wenyeji wanaopandisha wageni msituni. Uliza wazee kwanza kabla ya kuuliza njia ya kileleni. Watakueleza zaidi ya ninavyoweza mimi.

#31 UstadhKisauni

Hili la #28 limenigusa. Na tukizungumzia wasiotajwa, wapagazi. Waliokufa wakibebea jeshi la Mwingereza mizigo katika vita hii ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kupita 95,000, na kilichowaua zaidi ni kuhara, malaria na njaa. Nendeni makaburi ya jeshi ya Voi au Taveta muone majina ni ya nani. Maktau yako ya Wahindi, yanatunzwa. Mpagazi wa Kidigo au wa Kitaita kaburi lake liko wapi?

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Na hapa Mombasa sanamu ya askari iko barabara ya Jomo Kenyatta, twapita kila siku na matatu. Imeandikwa kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina ya hiyo miguu hayapo.

#32 MamaWawili

Jamani mimi natafuta jibu la swali la pili la #1. Watoto wangu ni wa darasa la nne na la sita. Waweza kuifanya njia hii bila gari kubwa?

#33 Dawida_Halisi

Dada, yawezekana vizuri. Voi hadi Taveta ni lami yote, kama kilomita 110, gari dogo linapita. Panda SGR, ile reli mpya, pale Miritini, treni ya kusimama vituoni, ushuke Voi. Mpango wa gari ufanye kabla hujafika. Kwa kuingia mbugani utahitaji gari ambalo mwenyewe anakubali liguse vumbi, na malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hawapokei pesa taslimu getini. Bei ziangalie huko huko, hubadilika.

Barabarani simama Mwatate ununue maji na chakula, mbele maduka ni machache. Kati ya Mwatate na Maktau unapita hifadhi za jamii na za watu binafsi, LUMO ni moja, ya jamii zetu za Lualenyi, Mramba na Oza. Ndovu huvuka barabara pale, dereva asiendeshe usiku. Nasisitiza, asiendeshe usiku.

#34 NahodhaLikoni

Salaita watoto wapanda?

#35 Dawida_Halisi

Kilima si kirefu ila kina miiba. Suruali ndefu, viatu vilivyofunika mguu, na mwenyeji mbele. Mahandaki bado yanaonekana kwa mawe yake. Mkiona ganda la risasi chini, liangalieni tu mliache. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakataza kuokota, na kila mtu akiondoka na moja, watoto wa watoto wetu watakuta mawe tu.

#36 Kibarani_Kwetu

Voi kuna nini cha vita? Tusingoje hadi Maktau.

#37 MzeeWaReli

Makaburi. Yupo Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Australia, aliyepewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza. Tarehe 3 Septemba 1915 karibu na Maktau alipigwa risasi ya mguu, wenzake wakataka kumbeba, akakataa kuwaacha majeruhi wengine. Walimkuta amekufa, na maadui waliokufa kumzunguka. Ni karibu na mji, mnapita tu.

#38 Mwele_1895

Mwanzisha uzi, mbona unawapeleka watu mbali? Vuka feri, panda Kwale. Msitu wa Mwele Mdogo uko upande wa hifadhi ya Shimba Hills, na humo kuna vita mbili. Agosti 1895 Waingereza waliteketeza ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui ya Mwele. Na Januari 1916, mwezi mmoja kabla ya Salaita, Wavell, yule Mwingereza aliyeongoza kikosi cha Waarabu waliokusanywa hapa Mombasa, aliuawa huko huko na Wajerumani. Maji pia yapo: chemchemi za Marere ndani ya Shimba zimekuwa zikinywesha Mombasa tangu zamani. Yote haya unarudi kula chakula cha usiku kwako.

#39 Darajani_Mwembe

Hoja nzuri, lakini Mwele hakuna cha kuona kwa macho. Msitu umefunika. Salaita unasimama na unaelewa kilichotokea kwa kutazama tu.

#40 Mwele_1895

Kuna cha kuona kama una mtu wa kukuonyesha. Ndilo tatizo letu, mwenye kuonyesha hayupo, kisha twasema hakuna kitu.

#41 FundiWaBomba

Mmetaja maji ya Mombasa. Msisahau bomba la Mzima. Chemchemi ziko Tsavo Magharibi, maji yanatoka chini ya vilima vya Chyulu, na tangu miaka ya 1950 bomba linayaleta hadi kwenye mifereji yetu. Mtu wa Changamwe anayekunywa maji asubuhi anakunywa mvua iliyonyesha Chyulu. Kwa hiyo Nyika_Yetu akisema habari za Tsavo ni za ndovu, mimi nasema ni za Mombasa.

#42 Nyika_Yetu

Sikusema ni za ndovu peke yao. Nilisema bwawa la Aruba limeharibiwa na mpango uliowaita ndovu mahali pasipoweza kuwalisha. Mzima ni chemchemi, inajitegemea. Aruba ni ukuta wa mtu. Usivifananishe.

#43 FundiWaBomba

Na mimi nasema chimbua mchanga ule, uongeze kina, utaona kama ndovu ndio waliokausha.

#44 BintiMajengo

Mkichimbua, ndovu watakuja maradufu na #5 itatimia. Mimi nasubiri vuli niende na darubini yangu, wengine mbishane.

#45 Kibarani_Kwetu

Samahani, simba wala watu wa Tsavo nao ni njia hii? Waliokula watu 135?

#46 MzeeWaReli

Hao ni darajani Tsavo, kaskazini ya Voi, mwaka 1898. Hiyo 135 ni hesabu ya Patterson mwenyewe aliyewaua. Kumbukumbu za reli zilitaja wafanyakazi 28. Ngozi zao ziko Chicago. Njia ya Taveta ni nyingine kabisa kijana, usichanganye usije ukamshusha mke wako kituo kisicho chake.

#47 MamaWawili

Nimeamua. Ijumaa SGR hadi Voi, Jumamosi alfajiri Aruba, Jumapili Maktau hadi Salaita na kurudi. Kasigau nitafanya safari yake peke yake, sitaki kuipita mbio.

#48 Dawida_Halisi

Geuza dada. Jumamosi iwe ya Taveta, Jumapili ya Aruba. Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi, ukienda Jumapili umelikosa.

#49 NahodhaLikoni

Lile soko ndilo linalojaza ndizi Kongowea. Mama, ukirudi na mkungu wa mkono wa tembo nipigie, nakupokea Miritini na tuktuk.

#50 MamaWawili

Mkungu kwenye treni wanaruhusu?

#51 MzeeWaReli

Zamani tulibeba mpaka mbuzi. Hii mpya wanapima mizigo kwa mashine, uliza kituoni Voi kabla hujanunua.